Shaba zilizotia fora

Nyangwe, mji wa soko kando ya mto Lualaba, haukupata kupiga sarafu yake. Hata miji midogo ya Wagiriki chini ya utawala wa Roma ilijipigia shaba ya matumizi ya kila siku, sura ya kaisari upande huu, mungu wa mji upande ule. Lakini watu wa Nyangwe walilipana kwa kauri, na kwa binadamu pia. Katika orodha hii ya rekodi, ya aibu kuliko zote ni hiyo. Mwaka 1874 msafiri Mwingereza Cameron alitaka mitumbwi ateremke mto. Wenye mitumbwi wakadai watumwa au kauri, naye hakuwa na chochote kati ya hivyo. Akakata kusini, akaja kutokea pwani ya Atlantiki.

Kwa uzito, kati ya shaba zinazotajwa hapa, handa haina mpinzani. Ni msalaba wa shaba wa Katanga, uliomiminwa katika kalibu na kutumika kama fedha. Mikubwa hukaribia kilo moja. Katanga ilipojitenga mwaka 1960 iliutia msalaba huo kwenye bendera, na mwaka 1961 ikauchora kwenye faranga zake za shaba nyeusi. Fedha ikabeba picha ya fedha!

Iliyosafiri mbali zaidi ni shaba ya Kilwa. Mwaka 1944 mwanajeshi Maurie Isenberg aliokota sarafu tisa kisiwani Marchinbar, kaskazini mwa Australia. Nne ni za Kiholanzi. Tano ni shaba za Kilwa, karibu kilomita 10,000 kutoka kwao. Ukiigeuza moja utasoma jina la sultani upande mmoja na maneno ya kumtegemea Mungu upande wa pili, nayo yana vina, kama ubeti wa mshairi aliyebanwa nafasi. Mwaka haumo, wala jina la mji, ndiyo maana wataalamu wanaumiza vichwa kuwatenganisha masultani waliofanana majina.

Kwa pembe, faranga 2 ya Kongo ya Wabelgiji ya mwaka 1943: pembe sita, na tembo juu yake. Ubelgiji ilikuwa mikononi mwa Wajerumani, hivyo ikapigwa Philadelphia, Marekani.

Kwa maisha mafupi, hela za shaba njano za Tabora. Mwaka 1916 Wajerumani, wakiwa wamefungiwa bahari, walizipiga kwenye karakana ya reli. Septemba jeshi kutoka Kongo likauteka mji. Watoza sarafu hugombania rupia 15 ya dhahabu ya karakana hiyohiyo. Mimi ningechagua hela 20, iliyopita mikononi mwa watu wengi zaidi.