Raba Nyeupe Ziache Nyumbani

Mvua ya Machi hadi Mei ikikupata Rodi Kopany, pale barabara za Homa Bay, Rongo na Ndhiwa zinapokutana, utajua hujui. Ule udongo mweusi unanasa kiatu: wewe unaenda, chenyewe kinabaki. Mimi nilicheka wazee wa akala, kisha nikarudi nyumbani na raba moja.

Akala ni tairi kuukuu, mikanda ya mpira na misumari, basi. Maji yanaingia, yanatoka. Haiozi, na kipande cha chupa hakipenyi soli.

Lakini sikiza: akala haizuii kichocho, kinapenya ngozi. Maji yakituama, vaa gambuti ama zunguka. Kiatu utanunua kingine. Mguu hauna spea.