Goti likivimba baada ya ajali, usikubali kuambiwa "limetenguka tu"

Hapa kwetu Pwani, mtu akianguka na bodaboda na goti likavimba, jambo la kwanza atakaloambiwa ni kwamba limetenguka. La pili ni kwamba kuna mzee mtaa wa pili anayejua kukanda. Hutafutwa mafuta ya nazi, maji ya moto yakatiwa chumvi, na mgonjwa akaambiwa ajikaze atembee ili mguu usikakamae. Kazi yangu ni fiziotherapia, na magoti ninayoletewa baada ya wiki tatu au nne za shughuli hiyo ndiyo yaliyonisukuma kuandika makala haya. Mengi kati ya hayo hayakutenguka. Yalivunjika, na palipovunjika ni mahali ambapo wengi wetu hatupajui: kichwa cha mfupa wa muundi, pale juu unapokutana na goti.

Mfupa wenyewe ukoje

Weka kidole kwenye pia ya goti, kisha ukishushe taratibu. Utapita juu ya ukano mgumu, halafu utafika kwenye kinundu cha mfupa. Hapo umeshagusa muundi. Ukano huo umeshika kwenye kinundu hicho, na ndio unaokuwezesha kunyoosha mguu.

Juu ya kinundu, mfupa hupanuka kama nguzo iliyoongezwa upana kichwani ili ibebe boriti. Kileleni kuna sahani mbili, moja upande wa ndani na nyingine upande wa nje, na mfupa wa paja hukalia hapo. Sahani ya ndani ni kubwa na imara zaidi. Ya nje ni ndogo na dhaifu kidogo. Katikati yake pana kijinundu ambapo hushika ukano unaozuia goti lisiteleze mbele. Juu ya kila sahani kuna kipande cha gegedu chenye umbo la mwezi mwandamo, kazi yake kupunguza mshindo.

Chini ya sahani hizo mfupa si mgumu kama ulivyo katikati ya muundi. Uko kama jiwe la matumbawe: una vitundu vitundu ndani. Hubeba uzito wa kila siku bila shida, lakini ukipigwa kwa ghafla na kwa nguvu, hupasuka au hudidimia. Nyuma ya goti, karibu kabisa na mfupa, hupita mshipa mkubwa unaopeleka damu mguuni. Upande wa nje, chini ya kichwa cha ule mfupa mwembamba wa kando, huzunguka mshipa wa fahamu unaoinua wayo. Ndiyo maana jeraha la hapa haliishii kwenye mfupa peke yake.

Unavunjika vipi

Abiria wa bodaboda hukaa magoti yamechomoza nje. Gari likimgonga ubavuni, goti husukumwa kwa ndani na mfupa wa paja hukita kwenye sahani ya nje, ile dhaifu. Ndiyo maana upande wa nje huvunjika mara nyingi zaidi. Anayetembea kando ya barabara akigongwa na bampa hupata jeraha lilo hilo.

Wa pili ni anayeanguka kutoka juu akatua kwa miguu: mgema aliyeponyokwa na mnazi, au fundi aliyeanguka jukwaani. Huyu anaweza kuvunja sahani zote mbili. Wa tatu ni mama mzee ambaye mifupa yake imepungua uzito. Kwake yeye, kuteleza bafuni kunatosha.

Vijana wanaokua na kupenda mpira wana tatizo lao pia. Kile kinundu cha mbele huvimba na kuuma wakikimbia au kuruka. Hali hiyo ilielezwa mwaka 1903 na madaktari wawili, Osgood wa Marekani na Schlatter wa Uswisi, na hadi leo inaitwa kwa majina yao. Si mvunjiko, na kwa kawaida huisha kijana akimaliza kukua. Lakini kijana akiruka, akasikia maumivu makali ya ghafla na akashindwa kunyoosha mguu, huenda kinundu kimeng'oka. Huyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Utajuaje kwamba si kutenguka

Madaktari wa Ottawa, Kanada, walitengeneza kanuni ambayo hata mtu wa nyumbani anaweza kuikumbuka. Baada ya kuumia goti, mtu anahitaji picha ya eksirei akiwa na hata moja kati ya haya: ana miaka 55 au zaidi, anaumia akibonyezwa pia ya goti, anaumia akibonyezwa kichwa cha mfupa mwembamba wa kando, hawezi kukunja goti hadi pembe mraba, au hawezi kupiga hatua nne.

Mimi huongeza jambo moja. Goti lililojaa ndani ya saa chache baada ya ajali mara nyingi limejaa damu, na damu hiyo ina inakotoka. Eksirei ikionekana safi lakini bado huwezi kukanyaga, rudi uulize. Sahani iliyodidimia kidogo inaweza kufichika kwenye eksirei na kuonekana vizuri kwenye skani ya CT.

Hatari isiyosubiri asubuhi

Misuli iliyo chini ya goti imefungwa ndani ya vyumba vinne vyenye utando mgumu usiotanuka. Damu ikivuja humo, shinikizo hupanda hadi damu safi inashindwa kuifikia misuli. Baada ya takriban saa 6 misuli huanza kufa, na mtu anaweza kupoteza mguu. Dalili ni maumivu yanayozidi badala ya kupungua hata baada ya dawa, shavu la mguu kuwa gumu kama ubao, maumivu makali vidole vikivutwa, na ganzi. Usitulizwe na mapigo ya damu kwenye wayo, kwani yanaweza kuwapo na hatari ikawapo. Legeza chochote kilichofungwa mguuni na ukimbilie hospitali yenye daktari wa upasuaji, hata kama ni saa nane usiku. Hali kadhalika wayo ukiwa baridi na mweupe, au ukishindwa kuinuka.

Sasa tuangalie kukanda. Mikono huongeza damu inayovuja na kusogeza vipande vya mfupa vilivyokuwa bado mahali pake. Maji ya moto huongeza uvimbe. Vijiti vilivyokazwa kwa kamba hubana vyumba ambavyo tayari vimejaa. Siwadharau wakandaji. Kwa mgongo uliochoka au msuli uliokaza, wengi wana mikono mizuri kuliko yetu. Lakini hakuna mkono unaoona ndani ya mfupa. Picha kwanza, mkandaji baadaye.

La kufanya pale pale

Asitembezwe. Nyoosha mguu bila kuulazimisha, uegemeze ubao au mto, ufunge juu na chini ya goti bila kukaza. Kidonda kikiwapo, kifunike kwa kitambaa safi. Msafirishe kwa gari au tuktuk akiwa amenyoosha mguu. Usimpakie tena bodaboda, mguu ukining'inia.

Hospitalini na baada yake

Mwaka 1979 daktari Joseph Schatzker na wenzake wa Toronto waliipanga mivunjiko hii katika makundi sita. Matatu ya kwanza ni ya sahani ya nje, la nne ni la ndani, la tano ni pande zote mbili, na la sita ni pale kichwa kinapoachana na shina la mfupa. Kwa hiyo usishangae jirani yako akitibiwa kwa plasta na magongo, na wewe ukaambiwa utafanyiwa upasuaji, sahani yako iinuliwe, pengo lijazwe na mfupa ufungwe kwa chuma na skrubu.

Kuna jambo linalozigombanisha familia na hospitali: mgonjwa analazwa wiki moja au zaidi bila kupasuliwa. Mara nyingi daktari anasubiri uvimbe upungue hadi ngozi ianze kuonyesha mikunjo. Ngozi iliyovimba ikikatwa, kidonda hukataa kufunga na huweza kuingia vijidudu. Muulizeni daktari anasubiri nini. Msimtoroshe mgonjwa kumrudisha kwa mkandaji.

Baada ya hapo, kukanyaga kwa uzito wote husubiri kati ya wiki 6 na 12, kadiri daktari atakavyosema. Kukunja goti huanza mapema, kwa sababu goti lililolazwa muda mrefu hukakamaa. Kaza paja ukisukuma goti kitandani, hesabu hadi tano, rudia mara kumi, mara kadhaa kwa siku. Mvutaji sigara aache, kwani moshi huchelewesha mfupa kuunga.

Wengi huniuliza lini watasujudu na kukaa tahiyyatu kama zamani, au lini watapiga magoti kanisani. Kikao hicho kinataka goti likunjwe karibu lote, kwa hiyo wengine watatumia kiti kwa miezi, na wachache daima. Anayefika hospitali siku ile ile ana nafasi nzuri zaidi ya kurudi kwenye mkeka kuliko anayekuja baada ya mwezi, mfupa ukiwa umeunga ukiwa umezama. Hapo hata upasuaji huwa mgumu maradufu.