Canter ikichemsha, angalia hewa kabla ya maji

Msimu wa ufuta ukikolea katika Kata ya Kinjumbi, kaskazini mwa Wilaya ya Kilwa, kati ya Mei na Julai, huonekana jambo moja linalojirudia kandokando ya njia za vijijini. Canter imesimama, kichwa kimebinuliwa mbele, utingo ameshika kidumu cha maji, mvuke unapanda, na magunia ya wakulima yako juu yanasubiri.

Maji yanaongezwa, gari linawashwa, linakwenda kilomita chache na kuchemsha tena. Wiki inayofuata mmiliki ananunua rejeta ya mtumba, au fundi anaamua kung'oa themostati na kuitupa. Mara nyingi fedha hiyo inatibu mahali pasipo na ugonjwa. Maji yapo, pampu inasukuma, rejeta haivuji. Kinachokosekana ni hewa.

Kwa mkulima hili si suala la gereji tu. Ufuta wa Lindi unauzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, kwa minada inayofuatana, na bei ya mnada mmoja haifanani na ya mwingine. Mzigo uliolala njiani hauwezi kuorodheshwa mnadani. Mwenye gari anapoteza nauli, na mwenye ufuta anapoteza nafasi ya kuchagua siku ya kuuza.

Hesabu ya joto

Katika injini ya dizeli, kwa makadirio ya kawaida, theluthi moja tu ya nguvu iliyomo ndani ya mafuta ndiyo inayofanya kazi ya kusukuma gari. Theluthi nyingine inatoka na moshi, na iliyobaki, ama karibu yote, inaingia kwenye maji ya kupozea. Maji hayo hayalimalizi joto, yanalibeba tu kama mchukuzi abebavyo gunia. Mzigo unashushwa kwenye rejeta, na anayeupokea ni hewa.

Tatizo ni kwamba hewa ni mchukuzi dhaifu. Joto linalobebwa na lita moja ya maji linahitaji takriban lita 3,500 za hewa, ikiwa vyote viwili vinaongezeka joto kwa kiwango kilekile. Injini inayotupa kilowati 60 za joto kwenye maji, huku hewa ikiongezeka nyuzi 30 inapopita kwenye rejeta, inataka karibu meta za ujazo 1.7 za hewa kila sekunde. Kwa dakika moja hiyo ni hewa ya kujaza ghala la mita 5 kwa 7 lenye kimo cha mita 3. Ghala zima, kila dakika, kupitia tundu la mbele ya gari.

Gari likiwa kwenye lami, kasi yenyewe inasaidia kuisukuma hewa hiyo. Lakini msukumo huo hupungua haraka kuliko mwendo. Gari likishuka kutoka kilomita 80 kwa saa hadi 10, mwendo umepungua mara nane, ila msukumo wa upepo mbele ya rejeta umepungua mara 64. Ndiyo maana lori linaweza kutoka Nangurukuru hadi Somanga kwa lami bila wasiwasi, kisha likachemsha kwenye mchanga wa njia ya shambani likiwa gia ya pili na tani kadhaa mgongoni. Hapo upepo wa mwendo ni kama haupo, na kazi yote imebaki kwa feni. Hali ni hiyohiyo kwenye foleni, kama ile ya Mei 2024, mvua zilizoambatana na Kimbunga Hidaya zilipoikata barabara kuu katika eneo la Somanga.

Kuna jambo jingine ambalo mabaharia wa Kilwa wanalijua kuliko madereva. Ufuta unasafirishwa wakati wa Kusi. Gari linaloelekea kaskazini, upande wa Rufiji na Dar es Salaam, linapewa upepo mgongoni. Likitambaa kwa kilomita 20 kwa saa huku Kusi nayo ikivuma kwa kasi hiyohiyo kutoka nyuma, shoo ya mbele haipati upepo wowote.

Hewa inazuiwa wapi

Kizuizi cha kwanza ni uchafu, na si ule unaoonekana kirahisi. Gari linalopakia shambani huvuta makapi ya ufuta, mbegu za majani, vumbi na wadudu. Kwenye magari yenye kipoza hewa cha turbo, au ya kiyoyozi, kuna kipozeo kingine mbele ya rejeta. Uchafu hujibana katikati ya viwili hivyo, mahali ambapo mtu akichungulia kutoka mbele anaona pasafi. Njia rahisi ya kuhakiki ni kusubiri usiku, injini ikiwa imezimwa na kupoa, kisha kumulika tochi kutoka upande wa feni. Mahali ambapo mwanga haupenyi, hewa nayo haipenyi.

Kizuizi cha pili huwekwa na mwenye gari mwenyewe. Taa kubwa za ziada, bampa la chuma lililochomelewa na fundi, wavu wa mapambo, hata dumu la maji lililofungwa mbele ya shoo: kila kimoja kinakula sehemu ya tundu lile la hewa. Inashangaza kuona kidumu cha kuokoa gari lisichemshe kimening'inizwa mahali hasa panapolifanya lichemshe.

La tatu ndilo linalodharauliwa kuliko yote. Kati ya rejeta na feni kuna kava la plastiki au bati linaloizunguka feni. Likipasuka, mafundi wengi hulitoa na kulitupa kwa sababu linawasumbua wakibadilisha mkanda. Kazi ya kava hilo ni kuhakikisha kwamba feni inavuta hewa kupitia uso mzima wa rejeta. Bila kava, feni inavuta hewa kutoka pembeni, palipo rahisi, na sehemu kubwa ya rejeta inabaki bila kazi.

Vivyo hivyo kwa raba na sponji zinazoziba nafasi kati ya rejeta na bodi. Canter na Fuso zina injini chini ya kiti cha dereva, mahali pafinyu. Nafasi hizo zikiwa wazi, hewa ya moto iliyokwisha pita kwenye injini inazunguka pembeni na kurudi mbele kuvutwa tena. Maji yakiwa na nyuzi 95 na hewa ya nje nyuzi 30, kuna tofauti ya nyuzi 65 ya kulitoa joto. Hewa inayoingia ikiwa tayari ina nyuzi 50, tofauti inabaki 45, na uwezo wa rejeta unashuka kwa karibu theluthi moja. Rejeta inaweza kuwa mpya kabisa na gari likaendelea kuchemsha.

Feni yenyewe nayo ikaguliwe. Mkanda uliolegea unateleza hasa injini inapobanwa. Magari mengi yana feni yenye klachi ya mafuta mazito ya silikoni, inayoshika pale hewa ya rejeta inapokuwa ya moto. Mafuta hayo yakivuja, feni inazunguka kivivu tu. Ikiwa injini iko moto, imezimwa, na feni inazunguka kwa urahisi mno ikisukumwa kwa kidole, klachi hiyo imechoka. Pia feni huweza kufungwa kinyume baada ya matengenezo. Inapepea, lakini haivuti inavyopaswa.

Mabasi yenye injini nyuma yana shida yake. Rejeta iko ubavuni au nyuma kabisa, haioni upepo wa mwendo, na inameza vumbi linaloinuliwa na matairi yenyewe. Wenye magari-nyumba makubwa ya kitalii huko Marekani, ambayo nayo huwa na injini nyuma, wanaijua vizuri taabu hii. Mvuke wa mafuta kutoka kwenye bomba la kupumulia la injini unatua kwenye rejeta, vumbi linagandia hapo, na linageuka kuwa kama tope la lami. Dawa waliyoizoea ni kuongeza urefu wa bomba hilo ili litoe mvuke mbali na njia ya hewa, na kusafisha rejeta kwa sabuni inayokata mafuta. Mwenye Canter kuukuu inayotoa mvuke mwingi wa mafuta anaweza kufanya vilevile.

Kuosha bila kuharibu

Rejeta huoshwa kinyume cha njia ya hewa, yaani kutoka upande wa feni kuelekea mbele, ili uchafu utoke ulikoingilia. Maji yawe ya msukumo mdogo. Mashine za kuoshea magari zikielekezwa karibu zinalaza vile vibati vyembamba vya rejeta, na kibati kilicholala ni sawa na mlango uliofungwa. Vilivyokwisha lala vinyooshwe taratibu kwa kitu chembamba kisichochoma mabomba.

Baada ya hapo, karatasi ya gazeti itatoa majibu. Injini ikiwa moto na ikinguruma papo hapo, karatasi ikiwekwa mbele ya shoo inapaswa kuvutwa na kung'ang'ania. Ikianguka, hewa haivutwi.

Njiani, dereva anayeona mshale unapanda ashushe gia badala ya kulazimisha kubwa, kwa kuwa mzunguko wa injini ukiongezeka, feni na pampu vinaongezeka pia. Akilazimika kusimama, aligeuzie gari uso kwenye upepo na kuiacha injini ingurume kidogo kabla ya kuizima, mradi maji hayajaisha. Mshale ukianguka ghafla wakati gari linatoa mvuke, si nafuu: huenda kipimo hakiguswi tena na maji, na hapo injini izimwe mara moja. Mfuniko wa rejeta usifunguliwe ikiwa moto. Mfuniko wenye msukumo wa baa 0.9 unayazuia maji yasichemke mpaka nyuzi 118 hivi, na ukifunguliwa yanalipuka kuwa mvuke usoni mwa aliyeushika. Maji baridi kwenye injini iliyoungua nayo hupasua silinda hedi.

Kung'oa themostati hakusaidii. Katika baadhi ya injini, themostati ikiondolewa, sehemu ya maji hupita njia ya mkato bila kufika kwenye rejeta, na gari linachemsha zaidi.

Gharama zake

Chukua mfano wa Canter inayobeba magunia 40 kwa Sh4,000 kila gunia. Safari moja inaingiza Sh160,000. Mafuta, utingo na mengineyo yakichukua Sh90,000, mmiliki anabaki na Sh70,000. Tarakimu hizi ni za kuonyesha hesabu tu, kila mwenye gari aweke zake. Silinda hedi ikipinda, na gasketi, kuchonga na ufundi vikafika Sh600,000 huku gari likilala siku 5 za safari moja moja, hasara ni Sh950,000. Hiyo ni faida ya safari zipatazo 14. Kuosha rejeta kwa Sh15,000 kila wiki mbili katika msimu wa wiki 10 ni Sh75,000, kiasi kinachozidi kidogo faida ya safari moja.

Wanaoendesha mashine za kusaga nao wamo katika hesabu hii, ingawa injini yao haiendi kokote. Injini ya dizeli iliyofungiwa kwenye kibanda chenye mlango mmoja inapumua joto lake yenyewe mchana kutwa. Tundu la chini upande unaotoka upepo, jingine la juu upande wa pili, na bomba la moshi lililotolewa nje, vinatosha kubadili hali. Waliohamia kwenye mota baada ya umeme kufika hawajaepuka pia. Nyuma ya mota kuna feni ndogo chini ya kifuniko chenye matundu, na matundu hayo huziba kwa unga na pumba polepole, mpaka siku nyaya zinapoungua na fundi anaitwa kusuka upya mota. Brashi kavu kila jioni, umeme ukiwa umezimwa, inayaweka wazi.