Unataka gemu? Usishuke mjini na hela mkononi!

Wiki hii tuache kidogo mambo ya mapenzi na mitindo ya nywele. Kuna ugonjwa mwingine umeingia majumbani, nao ni ugonjwa wa gemu. Ukipanda Kibosho kutoka Moshi mjini mida ya saa kumi jioni, shule zikishatoka, huna haja ya kuuliza vijana wako wapi. Tega sikio tu. Kati ya duka la Mangi na banda la nyama choma utasikia "Gooo!", halafu zogo, halafu kimya. Basi hapo ndipo penyewe.

Banda la gemu ni ndugu wa damu wa kibanda umiza. Mabati, mbao, TV moja au mbili, pedi za kuchezea zilizozungushiwa selotepu, na benchi ambalo watu wanane wanakaa kumi na mbili. Katika banda nililoingia mimi mechi moja ni shilingi 500, na imepangwa iwe fupi ili hela izunguke. Sheria yake haijaandikwa ukutani lakini hata mtoto wa chekechea anaijua: anayefungwa ndiye anayelipa, mshindi habanduki kwenye kiti.

Hapo ndipo kasheshe linapoanzia, msomaji wangu. Watu wa Kibosho hawapendi kushindwa, tangu enzi za Mangi Sina aliyewatoa jasho Wajerumani mpaka wakaja na jeshi kubwa mwaka 1891. Sasa chukua damu hiyo uikalishe mbele ya gemu la mpira, mtoto wa darasa la sita kafungwa nne bila na mtoto wa jirani, watu wanamcheka. Atainuka aende kukatia ng'ombe majani? Thubutu!

Nilichukua kalamu nikapiga hesabu. Mtoto anayefungwa mechi mbili kwa siku, siku sita kwa wiki (Jumapili tumwachie Mungu), anatoa shilingi 6,000 kwa wiki. Zidisha kwa wiki 52. Ni laki tatu na elfu kumi na mbili kwa mwaka, na mwisho wa mwaka hana hata waya wa pedi wa kuonyesha. Hela hizo zinatoka wapi? Nyingine ni chenji ya sukari. Nyingine ni parachichi zilizouzwa kimyakimya kabla bibi hajazihesabu.

Sisemi mabanda yote ni pango la wezi. Lipo moja, mwenyewe ni kijana aliyemaliza kidato cha nne, mwenye sare ya shule haingii kwake hata akilia machozi ya damu, na saa moja usiku anafunga. Huyo namheshimu. Lakini yapo mengine ambapo pembeni ya TV ya gemu kuna ile mashine ya kutumbukiza sarafu, dubwi. Hapo mzazi usibembelezwe. Gemu ni mchezo, dubwi ni kamari, na tangu Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 kamari si ya mtu aliye chini ya miaka 18. Mtoto aliyezoea kulipa kila anapofungwa anahitaji hatua moja tu kuvuka kutoka benchi hili kwenda lile. Kwa hiyo ukitaka kujua banda lipi ni salama, bei ya mechi iache kwanza. Angalia kuna nini pembeni ya TV.

Sisi wakubwa tusijifanye malaika. Huku bara vituo vya televisheni vilikuja mwaka 1994, na kabla ya hapo tulikuwa tunakodi kanda za video na kujazana sebuleni kwa mwenye deki. Baadaye zikaja gemu za mkononi za kupanga matofali, zikaja zile za kuunga kwenye TV na kaseti zilizoandikwa gemu 9999 ndani. Ukizihesabu unakuta ni kumi na kitu, zinajirudia kwa majina mengine. Kuingizwa mjini hakukuanza jana!

Sasa nije kwenye kisa kilichonifanya niandike haya. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu wa huko huko Kibosho, mwaka jana alijiwekea laki mbili na nusu. Alichuma kahawa za watu, akauza parachichi zake mwenyewe (hizi nazijua, mti alipewa na babu yake), akazificha hela kwa bibi. Akaja kwangu: "Anko, nipeleke mjini nikanunue PlayStation. Nimechoka kulipa kwenye banda."

Dada alivyosikia akaruka. "Laki mbili na nusu kwa ajili ya gemu? Na Januari nitanunua viatu vya shule kwa majani ya mgomba?" Mtoto kanyamaza, macho chini. Nilimwelewa dada, na nilimwelewa mtoto pia. Hela ni jasho lake, na ni nyingi kwa umri wake. Akipigwa hapo, hataamini tena kuweka akiba. Ndiyo maana nilimwambia kushuka tutashuka, ila hela inabaki kwa bibi. Tunakwenda kutazama kwa macho.

Tukazunguka. Mjini Moshi kuna maduka ya vifaa vya umeme yenye vioo na mashine za boksi, na kuna mafundi wenye vimeza barazani wanaouza zilizotumika. Kwenye kioo bei zinatisha, na muuzaji akikuona umevaa viatu vyenye udongo mwekundu hata kukusalimia ni kazi. Kwenye kimeza unaitwa "mzee wangu" mara saba kabla hujakaa. Mimi kwa hela ya aina ile nampendelea fundi wa kimeza, kwa sababu moja: mashine ikifa wiki ijayo, namjua anakaa wapi. Ila awe fundi wa hapo hapo miaka yote. Aliyeweka meza juzi na kuitoa kesho usimguse.

Fundi mmoja alitutolea PS2. Safi, imefutwa vumbi, inang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Mtoto macho yakamtoka. Nikamwuliza fundi, Mangi, hii ina umri gani? Akacheka. Jamani, Sony walitangaza mwanzoni mwa 2013 kwamba wameacha kutengeneza PS2. Kwa hiyo hata ile mpya kuliko zote ina zaidi ya miaka kumi, na lensi ya kusomea CD ndiyo inayochoka kwanza. Gemu la mwisho la FIFA kwa mashine hiyo ni la 14. Kwa kujifunzia sawa, kwa laki mbili na nusu hapana.

PS3 ndiyo iliyobaki kwenye uwezo wetu. Nayo ina koo na koo. Zile nene za mwanzo, zilizoanza kutoka 2006, zina sifa ya kufa kwa joto. Zilizokuja kuanzia 2009 ni nyembamba na zinakula umeme kidogo. Hii nyembamba na TV ndogo ya flati zinamaliza unit moja ya LUKU kwa saa saba hivi, ile nene inaweza kula karibu mara mbili. Mwenye kununua LUKU nyumbani ni dada, kwa hiyo hilo nililisema kwa sauti ili mtoto asikie.

Na ukishaletewa mashine mezani, usikubali kuonyeshwa taa ya kuwaka tu. Taa hata tochi inayo. Nenda na CD yako mwenyewe, azima kwa rafiki. Iweke, cheza nusu saa nzima, fundi akinuna anune. Ndani ya nusu saa utajua kama feni inanguruma kama mashine ya kusaga, kama picha inakatika, kama CD inatapikwa. Shika pedi, achia vijiti vyote viwili, tazama kama mchezaji anatembea peke yake. Akitembea, pedi imekufa hiyo, na bei ishuke. Halafu geuza mashine usome kibandiko cha umeme. Umeme wetu ni volti 230. Kikisema 100 mpaka 240, poa. Kikisema 120 tu, hiyo imetoka Marekani, na ukiichomeka ukutani bila kipunguzio utanusa moshi kabla hujaona picha.

Kuna lugha nyingine utaisikia mezani: "Hii imefunguliwa, ina gemu thelathini ndani, hununui CD maisha." Vijana wanaipenda hiyo. Gemu za humo ni za kunakili, na Sheria ya Hakimiliki ipo tangu 1999, hilo ujue. Lakini hata ukiliacha hilo, kuna jambo la mfukoni. Gemu zilizo ndani ya mashine huwezi kumpa mtu. Siku diski ya ndani ikifa, zimekwenda zote thelathini kama moshi wa kuni mbichi.

Wakati CD halisi ni mali! Kibosho vijana wanabadilishana CD kama wazee wanavyopokezana kata ya mbege. Wewe una gemu la mpira, mimi nina la magari, tunabadilishana wiki mbili. Ukichoka nalo unauza, hela inarudi hata nusu. Ndiyo maana hata kwa mwenye uwezo wa PS5, iliyotoka 2020, namshauri aitazame vizuri. Ipo yenye mdomo wa CD na ipo isiyo na mdomo. Ile isiyo na mdomo ni rahisi kidogo, lakini kila gemu utalinunua kwa intaneti na kulivuta, na gemu kubwa siku hizi linafika GB 50 na kuendelea. Kwa bando letu hili? Utauza ng'ombe.

Kabla hatujapanda gari kurudi, mtoto akanionyesha simu ya rafiki yake. Tangazo: PS4, bei ya kutupa, mwenyewe yuko Kariakoo, "tuma nusu kwanza nikuwekee kwenye basi, nusu ukipokea mzigo". Nikamwambia apige, aombe tupigiwe video mashine ikiwa inacheza. Simu ikakatwa. Tukapiga tena, haipatikani. Sisemi wauzaji wote wa Dar ni matapeli, wapo wanaotuma mizigo ya kweli kila siku. Lakini kama una ndugu Dar, mtume ndugu akaishike mashine kwa mkono. Ukoo ni wa nini sasa?

Kuna duka moja kubwa la gemu lisilo na kibao, na hilo ndilo ninalolisifia kuliko yote. Linaitwa Desemba. Wachaga mnajua: wiki ya Krismasi Dar inahamia mlimani, na Arusha na Nairobi nazo. Watoto wa mjini wanakuja na mashine zao ndani ya mabegi. Hapo usinunue, maana sherehe inapandisha bei. Subiri. Januari ikiingia, ada zikianza kubisha hodi, mashine ile ile iliyokuwa haiuzwi tarehe 25 inatafuta mteja tarehe 8.

Na ndivyo ilivyokuwa. Kijana wa jirani, anasoma chuo, alitaka nauli na hela ya chumba. PS3 nyembamba, pedi mbili, CD nne. Tuliicheza sebuleni kwao nusu saa, bibi yake akatuletea ndizi. Alitaka laki mbili na themanini, tukapatana laki mbili na ishirini. Elfu thelathini iliyobaki dada aliidaka hewani: viatu vya shule. Mtoto hakubisha.

Tukaandikiana karatasi: jina la muuzaji, la mnunuzi, namba iliyo nyuma ya mashine, bei, tarehe, na shahidi mmoja wa kila upande. Kijana akashangaa, "Anko, kwani tunauziana kihamba?" Nikamwambia mali ya wizi haina kibandiko usoni, na anayekutwa nayo ndiye anayeulizwa kwanza. Akasaini.

Katika zile CD nne mna FIFA 19, ya mwaka 2018, ambayo ndiyo ya mwisho kutolewa kwa PS3. Mbwana Samatta bado yuko Genk humo, na mpwa wangu hachezi na timu nyingine yoyote. Wenzake wa banda wanamcheka kwamba timu zake zimezeeka, yeye anawafunga tu.

Kimbembe kipya ni kwamba ameshapata wazo la biashara. Anataka kuiweka mashine barazani, mechi shilingi 300, awapindue wenye mabanda. Dada amefikiria siku tatu nzima. Amekubali, kwa masharti yake: Jumamosi tu, mwenye sare haingii, anayefungwa na anayefunga wanachanga sawa kwa sawa, na LUKU inatoka kwenye makusanyo kabla mtu hajahesabu faida. Jumamosi ya kwanza walikuja watoto kumi na mmoja.