Makro: Fundisha Mara Moja, Itumie Kila Wiki

Wengi wetu tunaandika maneno ya wiki kwenye Excel: Kiswahili safu A, Kiingereza safu B. Kila Jumamosi tunarudia kupaka vichwa rangi na kuvipa herufi nzito. Kazi hiyo mwachieni makro.

Kwanza tengeneza nakala ya faili, maana kazi ya makro hairudishwi nyuma kwa Ctrl+Z. Bonyeza View, Macros, kisha Record Macro. Ipe jina lisilo na nafasi, mfano PambaVichwa. Chagua seli A1 hadi B1, weka herufi nzito na rangi, halafu bonyeza Stop Recording.

Sasa bonyeza Alt+F11. Hatua zako zimeandikwa humo, pamoja na makosa. Je, mmeongeza safu ya mifano? Tafuta Range("A1:B1").Select, ugeuze B1 iwe C1. Hakuna haja ya kurekodi upya.

Hifadhi faili kwa aina ya .xlsm; ukichagua .xlsx, makro itapotea. Wiki ijayo ongeza karatasi mpya ndani ya faili hilohilo, andika maneno, bonyeza Alt+F8, chagua PambaVichwa, kisha Run.

Watoto, mkiletewa faili lenye makro na mtu msiyemjua, msiiruhusu. Makro inaweza kufuta kazi zenu zote. Mwiteni mama au baba kwanza.

Dakika mtakazookoa, zitumieni kusoma maneno hayo pamoja, kwa sauti.