Akili Iliyo Lindoni

Mtoto akiandikiwa ubaoni 84 gawa kwa 6, ana mambo matatu ya kushika kwa pamoja: 6 inaingia mara ngapi katika 8, imebaki ngapi, na ile 4 aishushe wapi. Kumbukumbu inayoyashika hayo kwa dakika moja ndiyo ya mwanzo kuyumba mtu anapoingiwa na hofu. Mtoto aliyelala akitega sikio, asijue mlango utafunguliwa kwa salamu au kwa matusi, huja skuli akili yake ingali lindoni. Mwalimu anaona tu kwamba hajibu, na upesi anamwita mvivu.

Visiwani Zanzibar watoto wa namna hiyo si wachache. Utafiti wa taifa wa mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto ulikuta kuwa Zanzibar wasichana zaidi ya 6 na wavulana kama 7 katika kila 10 walitendewa ukatili wa mwili kabla ya kufika miaka 18. Uchunguzi mwingine, wa watoto 409 wa skuli ya msingi Tanzania, ulionyesha kuwa adhabu kali huandamana na huzuni na wasiwasi, na hivyo navyo huandamana na kumbukumbu dhaifu na alama za chini.

Wapo wasemao: sisi tulichapwa, mbona tumesoma? Lakini wanaosema hivyo ni waliobakia darasani. Walioacha skuli hatuwaulizi. Hoja nzito zaidi ni kwamba huenda mtoto hufeli kwanza, ndipo akachapwa. Kweli, takwimu za mara moja haziwezi kutenganisha kipi kilitangulia. Umasikini nao una sehemu yake. Ila hata kama kufeli ndiko kulikotangulia, bakora inaongeza hofu ileile inayozuia hesabu isikae kichwani, na hapo mwalimu ana uwezo wa kuuacha mkono wake chini.

Msaada upo: mwaka 2011 Zanzibar ilipitisha Sheria ya Mtoto, na katika hospitali ya Mnazi Mmoja kikafunguliwa kituo cha Mkono kwa Mkono, ambako aliyedhulumiwa hupata daktari, polisi na mshauri mahali pamoja. Lakini mtoto wa kijijini hafiki huko peke yake. Anayemwona siku tano kwa wiki, anayeweza kugundua kuwa tangu Jumatatu hajafungua daftari, ni yuleyule mwalimu aliyeshika chaki.