Safari ya Farasi Mlimani: Pima Damu Kabla ya Kulipa

Wakazi wa Marereni na maeneo mengine ya Magarini wanaopanga likizo ya kupanda farasi katika miinuko ya Mlima Kenya wanashauriwa kuanzia maandalizi yao katika kituo cha afya. Sababu kubwa ni ugonjwa wa selimundu, ambao huonekana kwa wingi Kilifi na unaoweza kuhatarisha maisha ya mgonjwa anapopanda mahali pa juu.

Farasi wanapandwa wapi?

Farasi ni wachache Pwani. Mbung'o na usubi hueneza magonjwa yanayoua farasi, ilhali punda huyastahimili zaidi. Ndiyo maana watu wengi wanaotaka kupanda farasi huelekea nyanda za juu, hasa karibu na Nanyuki na katika hifadhi za Borana na Lewa, kaskazini mwa Mlima Kenya.

Marereni, pamoja na mashamba yake ya chumvi, iko karibu sawa na usawa wa bahari. Nanyuki iko takriban mita 1,950 juu, na kilele cha Batian kina mita 5,199. Mkazi wa Pwani huufikia mwinuko huo kwa siku moja au mbili tu za safari kupitia Malindi, Mombasa na Nairobi.

Kwa nini upime damu?

Selimundu hurithiwa. Mtoto huugua anapopata chembe za urithi za ugonjwa huo kutoka kwa baba na mama. Anayepata kutoka kwa mzazi mmoja tu huitwa mbebaji. Mbebaji kwa kawaida ana afya njema, tena amekingwa kwa kiasi kikubwa dhidi ya malaria kali. Kinga hiyo ndiyo iliyofanya hali hii ienee katika maeneo yenye malaria kama Pwani, na wabebaji wengi hawajui kuwa wanayo.

Kadiri mtu anavyopanda juu, ndivyo kila pumzi inavyoleta oksijeni kidogo. Oksijeni ikipungua, chembe nyekundu za damu za mgonjwa hujipinda kama mundu na kuziba mishipa. Matokeo ni maumivu makali ya mifupa, shida ya kupumua au madhara kwa wengu. Kwa hiyo:

1. Mwenye selimundu asisafiri kwenda mlimani bila ushauri wa daktari anayemhudumia.
2. Mbebaji anaweza kusafiri, lakini akipata maumivu makali upande wa kushoto chini ya mbavu, ateremke na kwenda hospitali mara moja.
3. Asiyejua hali yake amuulize mhudumu wa afya ni wapi kipimo kinafanywa.

Mtu yeyote, hata mwenye damu salama, anaweza kuugua kwa sababu ya mwinuko kuanzia takriban mita 2,500. Dalili ni kichwa kuuma, kichefuchefu na kizunguzungu. Mwenye dalili hizo asiendelee kupanda, na zikizidi ateremke. Ni vyema kulala Nanyuki usiku mmoja kabla ya kupanda farasi.

Homa ikikupata huko

Vijidudu vya malaria vinaweza kukaa mwilini wiki moja au zaidi kabla ya homa kuanza. Aliyeumwa na mbu Marereni anaweza kuugua akiwa mlimani, akadhani ni baridi tu. Mwambie daktari kwamba umetoka Pwani na uombe kupimwa malaria.

Farasi na mpandaji

Uzito wa mpandaji pamoja na tandiko usizidi sehemu moja ya tano ya uzito wa farasi. Farasi wa kilo 450, kwa mfano, abebe kilo 90 pekee. Sema ukweli kuhusu uzito wako, na useme pia kama hujawahi kupanda, ili upewe farasi mtulivu.

Vaa kofia ngumu iliyofungwa kidevuni, suruali ndefu na viatu vilivyofunika mguu, vyenye kisigino kidogo ili mguu usinase kwenye chuma cha kukanyagia. Usipite nyuma ya farasi, kwani hupiga teke kama punda. Hakikisha pia chanjo yako ya pepopunda haijapitwa na wakati.

Msimu na malipo

Miezi mikavu ni Januari na Februari, kisha Julai hadi Septemba. Usiku joto la Nanyuki hushuka chini ya nyuzi 10, kwa hivyo beba sweta na koti la mvua.

Kabla ya kutuma pesa, hasa za chama au kikundi, uliza:

- Je, kampuni ina leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii?
- Je, bei inajumuisha kiongozi wa msafara, kofia, chakula na malazi?
- Je, kuna bima ya ajali, na nani atagharamia kumfikisha majeruhi hospitalini?
- Je, pesa zitarudishwa daktari akikuzuia kusafiri?

Lipa kupitia nambari iliyosajiliwa kwa jina la kampuni, si simu ya mtu binafsi, na uhifadhi risiti. Swali la mwisho ndilo linaloonyesha kwa nini kipimo cha damu kitangulie malipo: jibu la daktari likija mapema, tarehe inaweza kubadilishwa au safari ya mahali pa chini ikapangwa, na akiba ya familia ikabaki salama.